Simu Iliyokabidhiwa Wosia wa Mzee Mbaruku

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Ruangwa, tarehe 13/10/2008, saa 4:20 asubuhi
Jina: Mwanaima Yasini. Umri: miaka 70 hivi. Kazi: mkulima. Makazi: Nkowe. Elimu: hakusoma.

Mimi ndiye mwenye jina hilo. Mtuhumiwa Kaimu namfahamu. Ni mpwa wa marehemu mume wangu Mbaruku, ananunua ufuta na korosho, anaishi Nachingwea mjini. Mama yake alipougua, yeye Kaimu uji alikunywa kwangu. Andika hilo, afande.

Mnamo tarehe 2/8/2008, saa tatu asubuhi, mume wangu akiwa taabani kitandani alisema, "Niitieni watu wawili, niseme neno la mikorosho." Nilishajifunga khanga nikawaite imamu na jirani yetu Felisian. Kaimu akanizuia mlangoni. Akatoa simu mpya, nyeusi, pana kama kipande cha sabuni, vitufe vingi kama mashine ya kuchapa ya ofisini. Akasema, "Mama, watu wa nini? Hii ni simu ya biashara. Inapokea barua za Ulaya, inapiga picha megapikseli mbili, chaji siku nne, ina kalenda, inarekodi sauti. Kadi yake ya kumbukumbu gigabaiti moja, haijai hata ukiongea mwaka mzima. Watu wanakufa, hii haifi." Hiyo megapikseli aliitaja mara nyingi kuliko jina la mgonjwa.

Mume wangu alicheka, akasema, "Basi mpe maji huyo shahidi wako, tuanze." Akasema mikorosho arobaini ya bondeni ni ya mjukuu wetu Zuleha, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumwosha. Iliyobaki wachukue wapwa zake, kama desturi yetu Wamwera. Kaimu akabonyeza, tukaisikia sauti ikirudi. Nikaridhika, sikuita watu. Kosa hilo ni langu. Jumanne iliyofuata mume wangu alifariki.

Mnamo tarehe 11/10/2008, saa moja asubuhi, mimi na Zuleha tulikuwa bondeni tunaokota korosho. Kaimu akaja na pikipiki, nyuma vijana wawili na magunia. Nikamwambia, "Mwanangu, washa simu yako wasikie." Akajibu, "Ilijaa, nikafuta. Nimeweka picha za gari langu." Nikamuuliza, ile ya mwaka mzima imejaaje kwa miezi miwili? Akasema, "Wewe hujasoma, hutaelewa." Zuleha akashika gunia. Kaimu akamsukuma, akaangukia kisiki. Mkono wa kulia ulivunjika, niliusikia. Nilimchapa Kaimu fimbo mbili. Sikatai. Andika mbili, asije akasema tatu.

Sikusoma, lakini maneno ya mume wangu ninayo yote, mpaka pale alipokohoa. Kaimu naye anayo. Mleteni hapa aniangalie machoni, mimi niliyemlisha, aseme hakuyasikia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nimeyasema kwa kinywa changu, hakuna aliyenilazimisha.

Dole gumba la kulia la shahidi: (limewekwa)

Maelezo ya mpokezi: Nilimsomea shahidi haya, akasema ni sahihi. Kabla ya kuweka dole gumba alitoka nje, akarudi na watu wawili aliowakuta kwenye benchi, Makrina na Gaudens, akataka niwasomee tangu mwanzo. Nimewasomea.
Koplo Jofrey