Kondo Moja, Watoto Wawili

Jumapili, tarehe 9

Dada yangu Gunia,

Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Goti lake limepona, au bado analisingizia kila siku ya kufua? Huku sisi tu wazima. Mume wangu anakusalimu. Mama naye anakusalimu, na anauliza kama simu yako imekufa au ni wewe uliyemchoka. Mimi sijambo, ila miguu imenivimba. Sababu nitakueleza huko mbele, kwa hiyo usiruke mistari kama ulivyozoea.

Bado niko kwenye chumba cha ushonaji cha hospitali, kile chenye cherehani mbili na dirisha linalotazama wodi ya wazazi. Vigauni vya wachanga tunavikata kwa kipimo kimoja, lakini wachanga wenyewe hawafuati kipimo chetu. Jumanne nilipeleka bunda la vigauni nikakuta mama mmoja amejifungua mapacha, wote wasichana. Mmoja alikijaza kigauni mpaka kwapa zikambana. Mwenzake alipotea ndani, ungedhani tumelivalisha dirisha pazia.

Bibi yao alikuwa amempakata yule mdogo. Akamtazama mkubwa, akasema kwa sauti kwamba huyu kamla mwenzake tumboni, na wa kufichwa chakula ndio hawa. Wodi nzima ikacheka. Mama wa watoto akageukia ukutani.

Dada, niliisikia sauti ya shangazi. Tangu tukiwa watoto mimi ni Punje na wewe ni Gunia, na mzaha wake ni uleule, kwamba ulinila nusu kabla hatujazaliwa. Siku ya harusi yangu aliurudia mbele ya wageni, nawe umeshika sahani ya pili. Uliiweka chini ukaondoka, na tangu hapo hujakanyaga kwangu.

Mkunga mkuu, ambaye kwa mwendo wake tunamwita Jemadari, hakucheka. Alimwomba ruhusa mama wa watoto, kisha akaleta kondo la nyuma kwenye sinia. Akaniambia, fundi, njoo ushike taa, wewe si mtu wa kuogopa sindano.

Nilidhani nitachukia kulitazama. Wapi! Lilikuwa jekundu la kuiva, pana kama sahani ya wageni. Upande mmoja ulikuwa na mafungumafungu, upande wa pili laini, unang'aa, mishipa imetambaa juu yake kama mizizi ya mti. Jemadari alisema damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Zinakaa kama majirani wanaopitishiana vitu juu ya ukuta: hewa, sukari, madini ya damu na ya mifupa vinakwenda kwa mtoto, na taka zake zinarudi kwa mama. Kumbe kondo lina wapagazi wake, kila chakula na mpagazi wake, na linatuma hata amri kwenye mwili wa mama kwamba sukari isiishe yote, mtoto abakiziwe. Mimi nikasema, kwa hiyo ni chujio. Akanijibu, chujio gani, mwenzangu, hii ni serikali!

Kisha akatuonyesha vitovu. Kimoja kilikuwa kinene, kimeshika katikati, na sehemu kubwa ya kondo ilikuwa yake. Cha pili kilikuwa chembamba, kimeshika pembeni kabisa, kama kifungo kilichoshonwa kwenye pindo. Mama anaweza kula mpaka achoke, alisema, lakini mtoto hukua kwa kile ambacho kondo limemfikishia. Akamtaka yule bibi aonyeshe mwizi alikaa wapi. Bibi akainama, akatafuta. Jemadari akamwambia asijisumbue, vitovu hivi vilishika mahali pake kabla watoto hawajaota midomo. Bibi akasema, basi jamani, nimekoma, akaomba ampakate yule mkubwa pia.

Jioni ileile niliyaandika yote kwenye shajara yangu, nisije nikakutilia chumvi. Mpaka leo nalistaajabia kondo lile. Limewafanyia watu wawili kazi ya mapafu, ya utumbo na ya figo, wote wakalia, nalo likaondoka bila jina wala kigauni. Mimi nikishona pindo moja lililonyooka nataka nisifiwe wiki nzima.

Sasa miguu. Dada, nina mimba ya miezi saba. Ni mapacha, kondo ni moja, na mmoja amemwacha mwenzake nyuma. Daktari anasema damu ya mdogo bado inapita vizuri, ila lazima achungwe, na Jumatatu tarehe 17 nitalazwa. Nilimkataza Mama asikwambie. Niliogopa utaona ni mashitaka yako yanaanza upya. Yeye hajui kukaa na siri, ndiyo maana anaililia simu yako.

Naogopa, sikufichi. Na shangazi ameshaapa kuja. Nataka akukute wewe umeshafika. Mdogo nitampakata mimi, kwa sababu habari zake nazijua. Mkubwa nataka umpokee wewe, umwambie sikioni, kabla mtu yeyote hajamwambia lingine, kwamba hakumla mtu.

Msalimie shemeji, na goti lake. Chumba chako nimeshakitandika. Sahani ya pili nitakupakulia mwenyewe, na utaila mbele ya shangazi.

Ni mimi mdogo wako, mzima, sijapungua hata nusu,

Punje