Msamaha Anaoutaka Roscoe

Stockton, California
6 Machi 2022

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limetulia. Sisi huku hatujambo. Jaylah ameota meno mawili ya chini na anang'ata kila kitu, hata kona ya karatasi hii, usidhani ni panya.

Baba, keti kwanza. Nimekwenda kwa wakili, Bi. Villaseñor, wa ile ofisi ya bure. Anasema sheria ilibadilika miaka mitatu iliyopita na sisi tumekaa tu. Zamani mkienda kuiba wawili na mmoja akaua, wote wauaji. Siku hizi aliyekaa kwenye gari anaweza kuomba ahukumiwe upya. Fomu nimeijaza mwenyewe. Nimeisoma mara nne, unajua shule niliiacha njiani. Wewe weka sahihi tu.

Binamu yako Roscoe, aliyefyatua risasi kisha akakuuza mahakamani ili apunguziwe, yuko huku anachoma mbavu nje ya kanisa. Mwisho wa mwezi wa tisa wanamfanya shemasi. Jumapili kambeba Jaylah bila kuniomba, anamwita kajukuu kake. Nikampokonya. Nataka utoke gerezani, Baba, kwa sababu nakupenda. Na nataka utoke ili akuone.

Binti yako,
Shavonne


29 Machi 2022

Binti yangu Shavonne,

Pokea salamu za baba yako. Goti linauma likitaka, na chakula ni tambi za pakiti kama kawaida. Nibusie Jaylah.

Sahihi nimeweka. Lakini kuna jambo sijawahi kukuambia. Miaka miwili iliyopita, kabla sijafika mbele ya bodi ya parole, ile inayoamua nani aachiwe mapema, wazee wa humu walinifundisha: bodi haimtaki mtu anayekana. Beba yote, ndipo watasema umebadilika. Basi nikabeba. Nikasema bunduki nilimpa Roscoe mimi, na kwamba nilimwambia kuwa mwenye duka akijitikisa, amfyatulie. Uongo mtupu. Bunduki ilikuwa yake, na nilijua anayo baada ya kusikia mlio. Bodi ikanirudisha vilevile. Mjane wa Bwana Sandhu, yule mwenye duka aliyeuawa, alikuwepo. Alinisikiliza, akalia.

Maneno yale yameandikwa. Mwendesha mashtaka atamsomea jaji, nami nitakuwa nimejifunga kwa mdomo wangu. Anayejua ukweli ni Roscoe peke yake. Usimwendee kwa hasira. Hasira niachie mimi, ninayo ya miaka ishirini na sita, imeshakomaa.

Baba yako,
Delmar


14 Agosti 2022

Baba yangu,

U hali gani? Hapa wazima. Jaylah sasa anatembea, na akianguka anajipigia makofi.

Jaji amepanga tarehe ishirini Septemba. Bi. Villaseñor anasema ulivyohofia ndivyo ilivyo, maneno ya bodi yatatumaliza bila Roscoe. Uliniambia nisimwendee kwa hasira. Nilikwenda nayo, nikaificha nyuma ya mtoto.

Nilimkuta anageuza mbavu. Akaanza maneno yake laini, eti yeye adhabu yake alishaitumikia. Nikamwambia, "Ba'mdogo, ulitumikia miaka kumi na moja. Iliyobaki anakutumikia baba." Mzee mmoja kwenye foleni ya mbavu akacheka puani, akamwambia, "Shemasi, hiyo ipake mchuzi ndiyo imezeke."

Akanivuta pembeni. Baba, amekubali kusema kweli. Amekwishauliza, hawawezi kumshtaki tena. Ila ana sharti: kwanza umwandikie kwa mkono wako kwamba umemsamehe, barua isomwe kanisani siku anasimikwa. Bila hiyo haji.

Nusu yangu inataka kummwagia makaa. Nusu nyingine inasema ni mistari mitatu tu, kisha unambeba mjukuu wako. Ukishindwa, naiandika mimi. Mwandiko wako nauweza tangu darasa la tisa, nilikuwa najiandikia ruhusa za kutokwenda shule. Nijibu upesi.

Binti yako,
Shavonne


27 Agosti 2022

Mwanangu,

Nami nakusalimu, wewe na Jaylah na mumeo. Mimi mzima.

Usiandike. Nilishasema mara moja uongo waliotaka kuusikia ili nitoke, na ndio huo unaonizuia. Mjane wa watu aliondoka nao kifuani. Sisemi wa pili.

Sijamsamehe Roscoe. Alitoka akakuta una miaka kumi na moja, akakuona ukikua, akala keki ya harusi yako amekaa kwenye kiti changu. Namwombea kila mbavu anayokula iwe majivu mdomoni. Msomee hivyo hivyo, usipunguze. Akikataa kuja, nitabaki humu, na wewe ndiye nitakayekuomba msamaha.

Baba yako,
Delmar


21 Septemba 2022

Baba yangu,

Leo sikuulizi hali, nilikuona jana mahakamani kwenye kioo cha video. Umekonda, lakini umekaa wima.

Barua yako nilimsomea Roscoe palepale kwenye jiko lake la mbavu. Nilidhani atanifukuza. Aliweka koleo chini, akaniomba nirudie pale pa majivu. Nikarudia kwa furaha. Akasema huku kila mtu humwambia Mungu ameshafuta, wewe ndiye wa kwanza kumwambia alichofanya. Kumfariji si kazi yangu.

Sikujua kama angekuja. Ulimsikia mwenyewe: "Bunduki ilikuwa yangu. Delmar hakujua. Nilidanganya nipunguziwe." Mama Sandhu alimkazia macho mpaka mwisho. Na jaji alipofuta ile ya mauaji, ukabaki na ya wizi uliyokwisha kuitumikia zaidi ya mara mbili, nilimbana Jaylah hadi akapiga kelele. Alhamisi ijayo tuko getini. Ukitoka kabla hujaipata barua hii, nitakusimulia kwa mdomo.

Hukuona yaliyofuata walipokizima kioo. Wazee wa kanisa walitoka wakampita mbali. Ushemasi hapati. Alikaa peke yake kwenye ngazi za mahakama, nami nikasimama nikamtazama mpaka nikashiba. Ndipo akaniita, akasema, "Mwanangu, nifikishie salamu kwa Delmar." Nikamwambia, "Haya."

Basi Baba, unasalimiwa na mume wangu Terrell. Bi. Villaseñor anakusalimu sana. Jaylah anakusalimu kwa meno yake yote sita. Za Roscoe nimeziacha palepale kwenye ngazi.

Binti yako,
Shavonne