Plasta za Mama Kwenye Mabomba ya Pamba

Kulwa,

Jumatatu ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, Mama alikatwa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nimeanza na hilo usije ukasoma salamu ukadhani mambo ni ya kawaida. Sasa nakusalimu: mwangaluka. Mke wako hajambo? Watoto? Ng'ombe wamepata majani? Mimi hapa Muscat mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Naandika kwenye karatasi nikutumie picha yake kwa sababu kwenye simu utanichekesha, kama ulivyozoea tangu utoto, na tukishacheka nasahau nilichokupigia.

Kidonda cha Mama kilipoanza, kidogo kama punje ya mahindi, daktari alisema mambo mawili tu: mwenye kisukari kidonda chake kisiloe, na kifungwe upya kila baada ya siku mbili. Nikakutumia roli kumi na mbili za plasta isiyopitisha maji, ileile ninayomfungia bibi ninayemtunza hapa, mwenye mpira wa chakula tumboni. Kazi hiyo sikuisomea. Niliingia nyumba hii kupiga deki, nikajifunza kwa kumtazama nesi mpaka akaniachia. Na wewe nikakufundisha kwa video: nawa mikono, kausha ngozi kabisa, usipake samli maana plasta haishiki kwenye mafuta, weka kitambaa cha gozi juu ya kidonda, bandika vipande vinne bila kuvuta, na usikizungushie kidole chote kikabanwa. Ukajibu, "Sawa, daktari."

Hesabu zangu unazijua. Roli moja mita tano. Kufunga mara moja, vipande vinne vya sentimita kumi. Roli kumi na mbili zilitosha karibu miezi kumi. Baada ya wiki tano ukasema zimekwisha. Nilipouliza ukasema, "Mama anatoka jasho, Doto, zinabanduka." Nikatuma sita nyingine. Mtu mwingine ningembana kwa hesabu. Wewe sikukubana, kwa kuwa tulilala tumbo moja.

Kila Jumapili uliniambia kidonda kinakauka. Ukaongeza kwamba Mama hata majaruba ya mpunga hakanyagi.

Shangazi alipotoka Nyashimo kuja kumuuguza ndipo nikajua. Alikwenda kwako kuchukua kanga za Mama, akanipigia kwa video akiwa kwenye ghala lako.

"Doto, hebu mwone mgonjwa huyu," akasema, akaigeuza simu. Lilikuwa bomba lako la kupulizia dawa ya pamba, mpira wake umevaa plasta yangu kuanzia kwenye tangi hadi kwenye mkono. "Naye amefanyiwa upasuaji?"

Nikakusikia nyuma yake: "Shangazi, ile inashika kuliko gundi. Majirani wote wamekuja."

"Wangapi?"

"Saba. Wananiita daktari wa mabomba."

Ulisema kwa kujisifu, Kulwa, na Mama yuko wodini siku ya tatu.

Yaliyobaki alinieleza Mama mwenyewe, bila kukulaumu. Ulikata nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, ukamviringishia kidole, ukakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaingia majarubani kupanda. Jioni hukuufungua. Kesho yake hukuufungua, wala keshokutwa. Nikamuuliza, "Mama, hukusikia kubanwa?"

"Mguu ule ulishanyamaza zamani, mwanangu. Niliona kimekuwa cheusi, nikadhani ni tope."

Najua wadudu wa pamba hawasubiri. Ungeniambia bomba linavuja, ningekutafutia mpira mpya. Ulimnyima Mama plasta ukalivisha bomba, halafu kila Jumapili ukanitazama usoni. Kila asubuhi namkausha mama wa watu ngozi yake taratibu, nabandika, napitisha kidole pembeni nione kama kona haijainuka. Wangu mimi, mwanawe wa kumzaa amemfunga kama mdomo wa gunia.

Sasa daktari amemwambia Shangazi kwamba kidonda kilichobaki kikiloa au kikibanwa tena, kinachofuata ni mguu. Mama anatoka hospitali Jumapili. Shangazi anataka kumchukua akae kwake Nyashimo, na kufunga kidonda nimeshamfundisha. Amerudia mbele yangu mara tatu, hakukosea. Wewe umekataa. Unasema mama mwenye mtoto wa kiume haendi kuuguzwa kwa wifi yake, watu watasema umeshindwa kumtunza. Watasema nini wakimwona na mguu mmoja?

Msalimie mke wako, mwambie simdai neno. Mpe pole Shangazi kwa kulala sakafuni wodini. Msalimie na mjomba anayetuchungia ng'ombe, asikie habari hizi kwangu, asizisikie mnadani.

Swali langu ni moja. Utamwacha Mama aende Nyashimo, ndiyo au hapana? Usinipigie, usimtume mtu, usinieleze habari za pamba. Andika neno moja, nilione kabla ya Jumamosi saa sita mchana, saa za huko kwenu Bariadi.

Pacha wako,
Doto