Kamushale kamoja

Félicité, Mama Generose wa nyumba ya pembeni anasema odio yangu, ile sauti nilirekodi kwa telefone, inatembea mtaa wa Kilibula yote. Ati hata wauzaji wa samaki ya ndagala wanaicheka!

Nikamuomba telefone yake nione. Ni sauti yangu kabisa. Ninasema mama ya muchumba wangu Osée anafungia sukari na kufuli, na ninaogopa kuolewa niende kukaa kwake Kamanyola. Ninacheka na kucheka.

Juu yake kuko kale kamushale kamepinda ka kuonyesha muntu amepitisha kitu cha mwengine. Kamoja tu! Odio ya kutembea kote inakuyaka na mishale mbili. Hii ya kwake imepita mikono michache tu tangu ilipotoka kwa mwenye kuianzisha.

Na minye nilikutumia weye peke yako. Nikakuambia usikilize, ufute. Ukajibu: "Dada, imekufia hapa."

Imekufia hapa!

Mama ya Osée ameisikia. Jumapili familia yao walikuwa waje na mahari. Osée ameandika tu: "Hatutakuya tena."

Sikutukani. Niambie tu ulimupitishia nani.

Naona alama zimekuwa za bluu. Umesoma.

Félicité, ulimupitishia nani?