Msamaha wa Bibi Aikaeli

Olasiti, Arusha
Jumanne, 10 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Na Mama, ameacha kupanda mlimani kukata majani ya ng'ombe kama daktari alivyomwambia? Najua hajaacha. Huku tu wazima, Magreth na watoto wanakuamkia. Mimi ndiye sina raha, na kwenye simu ningezungukazunguka mpaka salio liishe, ndiyo maana naandika.

Ni kile kitabu changu cha Wameru kuhamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951. Mhariri alinirudishia mswada mara mbili. Alisema vijana wa leo hawasomi tarehe, wanataka mtu wa kumpenda na mtu wa kumchukia. Basi nikawapa wa kumchukia: yule aliyewaonyesha askari wa mkoloni mahali ng'ombe walipofichwa msituni. Jina nililitunga, lakini kule kuchechemea, kofia ya sufu na shamba la kahawa kando ya mfereji nilivichukua kwa jirani yetu, marehemu Mzee Efraimu. Nilijiambia hakuacha mtoto wa kiume wa kumsemea. Akili gani hiyo!

Kitabu kimewagusa watu, tena kupita kiasi. Wazee walimtambua Efraimu kwa ukurasa mmoja. Vijana wa Sombetini hunisimamisha dukani wakimlaani, nami nacheka nao.

Wiki iliyopita alikuja binti yake, Bibi Aikaeli. Nilidhani amekuja kunitukana, nikawahi kumwekea chai. Kumbe amekuja kunishukuru! Alisema tangu utotoni watu walinong'ona juu ya baba yake naye hakujitetea hata siku moja, na sasa kitabu kimemjibu kwa nini. Kisha bibi wa miaka themanini akanipigia magoti, Baba, mimi, akanipa jani la isale, lile la kuombea msamaha, niwalainishe ninyi mioyo, maana ng'ombe wa kwetu nao walichukuliwa siku ile. Jumamosi anakuja kwako na kondoo kuomba msamaha kwa niaba ya baba yake. Unajua isale haikataliwi. Nikaipokea.

Tangu hapo marehemu Babu yumo humu ndani. Mchana kweupe nasikia kikohozi chake sebuleni, kile cha siku zake za mwisho nilipokuwa namuuguza. Magreth anasema ni jirani. Si jirani, Baba. Naogopa kubaki peke yangu nyumbani kwangu mwenyewe.

Aliyewaonyesha askari ng'ombe ni Babu. Aliniambia kwa kinywa chake, wiki mbili kabla hajafa. Alikuwa na miaka ishirini, walimpiga, akaogopa. Efraimu alimwona akitangulia mbele ya askari, akamhurumia ujana wake, akanyamaza hata aliposhukiwa yeye. Mimi niliyajua yote hayo nilipoketi kuandika. Nikambadilisha mtu tu, kwa sababu jina la Babu ndilo langu.

Nakuja Ijumaa. Jumamosi alfajiri twende kwa Bibi Aikaeli kabla hajafungua zizi, na kondoo awe wetu. Nitasema mimi, wewe simama tu karibu yangu. Ukikataa nitakwenda peke yangu. Bibi yule amezeeka akimwonea aibu baba yake, na baba huyo alikuwa mtu mwema kuliko sisi sote. Nataka ajue akiwa bado hai.

Mpe Mama salamu zangu, haya mengine niachie nimwambie mwenyewe.

Mwanao,
Yona