Mwanao Alipokuja Kisiwani na Jeshi

Kubura,
Kisiwa cha Yonaguni.
9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Tamiko,

Hujambo huko California? Shemeji Wendell naye, mgongo umepoa au bado unamsumbua? Sisi tunaendelea, ila presha ya mume wangu Eisuke imepanda na dawa hataki hata kuziona. Miwa imestawi. Ng'ombe mmoja amezaa pacha, wote wawili wananyonya.

Mwezi uliopita watu wa serikali walituita ukumbini. Walituonyesha ramani ya mahali tutakapopelekwa ikiwa Wachina na Wamarekani watapigana kwa ajili ya Taiwan. Sisi tumepangiwa Kyushu, mbali huko kaskazini, kila mtu na begi moja. Eisuke akasimama.

"Na ng'ombe wangu?"

Wakamjibu kwamba wataachwa.

"Basi niandikieni begi moja la miguu minne!"

Watu walicheka. Mimi nilimkumbuka mama. Jeshi lilipowahamishia watu wa kisiwa msituni, katika ile vita kuu ya pili, alikuwa na miaka kumi. Alirudi nyumbani peke yake. Mdogo wake malaria ilimmaliza huko msituni.

Wiki iliyopita yakaanza mazoezi ya pamoja, jeshi letu na la Wamarekani. Malori ya makombora yalipita mbele ya shule tangu asubuhi. Jumapili nilikuwa naanika nguo, nikaona askari wa Kimarekani, mrefu, anaingia uani. Nikarudi nyuma mpaka kwenye kamba. Akavua kofia.

"Mama mkubwa, usiogope. Ni mimi, Darren."

Tamiko, mwanao ana macho ya mama!

Nilimpikia supu ya mbavu za nguruwe, akamaliza bakuli tatu. Eisuke hakumsalimia. Alimwacha ale, halafu akamuuliza, "Hebu niambie wewe. Mmekuja kutulinda, au tutapigwa kwa sababu mmekuja?"

Darren akaweka vijiti vya kulia chini. "Baba, hata mimi najiuliza."

Eisuke akammiminia pombe ya mchele. Unamjua shemeji yako, hampi kila mtu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hapo akanishika mkono.

"Mama mkubwa, siku wakisema pandeni meli, panda ya kwanza. Usisubiri ya pili."

"Kwani unajua nini?"

"Sijui kitu."

Lakini hakunitazama usoni. Tafadhali usimgombeze, wala usiyataje haya kwenye simu.

Nilipomweleza Eisuke, alisema hapandi meli yoyote, ya kwanza wala ya mwisho. Hatukubishana. Miaka thelathini na minane nimelala ubavuni kwake, nitabaki naye.

Ila wazee wetu waliotangulia sikuweza kuwabakiza. Jana nimevitoa vibao vya majina yao kwenye madhabahu ya nyumbani, nikavifunga kwa kitambaa na kuvituma kwako kwa posta. Najua haviendi kwa binti aliyeolewa akatoka nyumbani, tena ng'ambo. Wa ukoo wakigundua watanitukana, na watukane. Vikifika, wawekee chai kila asubuhi, uwaeleze kwa nini wamehama. Mama mwambie polepole. Yeye anaogopa kuhamishwa.

Msalimie sana Wendell, na Darren akirudi mkumbatie kwa niaba yangu. Wazee wakulinde, mdogo wangu. Sasa wako kwako, huku hatuna tena.

Dada yako anayekuwaza kila siku,
Hatsue