Lea Alivyojibu Akiutazama Ukuta

Didas, wanataka kuipa maktaba ya kata jina la Mzee Mwaipyana. Eti alitetea elimu ya wanawake. Nimetoka kikaoni bila kuaga.

Mwaka 1968 Lea, mke wa mwanawe, aliitwa Mbeya mbele ya kamati. Alikuwa na shahada ya sheria, akaomba bursari, ufadhili wa masomo, aendelee kusomea haki za binadamu.

Anafungua mlango, baba mkwe wake ni mjumbe, ameketi.

Kwenu Iringa sijui, ila kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Mzee alijua Lea anakuja. Angetoka nje kidogo tu. Hakutoka.

Lea akageuza kiti, akajitanda khanga, akajibu maswali akiutazama ukuta. Yote, Didas.

Mwenyekiti, Mzungu, akauliza, "Asiyeweza kututazama atamteteaje mtu mbele ya jaji?"

Mzee akacheka. "Ndivyo alivyo huyu. Hana adabu."

Lea akafunua uso, akamgeukia, akamtazama machoni. "Baba, waambie kwa nini."

Mzee akaita mwombaji aliyefuata.

Bursari akapewa mwingine. Nyumbani, ukoo ukamtoza Lea ng'ombe kwa kumtazama mkwewe.

Nyama akala Mzee.